Kijani Juu ya Jiwe Jeupe: Setilaiti Inavyoonewa Kwenye Machimbo ya Chokaa

Mzee mmoja wa Wasongora, jamii ya wafugaji, alinisimamisha kwenye ukingo wa shimo la zamani la mawe ya chokaa, huku kwetu magharibi mwa Uganda, akanyoosha fimbo kuelekea chini. Sakafu ya shimo ilikuwa imefunikwa na majani mabichi yanayofika magotini. "Mjukuu wangu," akasema, "wewe unaona kijani. Ng'ombe wangu hawaoni kitu." Ng'ombe walikuwa nyuma yetu wakihangaika na nyasi kavu za kando ya njia, na kweli hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo kuelekea shimoni. Kule chini kulikuwa na lantana na gugu karoti, magugu ambayo ng'ombe huyakwepa, na miche ya miti iliyopandwa kwa mistari, mingine imeshakauka.

Siku chache baadaye nilifungua picha ya setilaiti ya mahali palepale. Shimo lilikuwa kijani, tena kijani cha kupendeza. Nikaelewa kwa nini mazungumzo juu ya ardhi iliyochimbwa chokaa huishia kwenye ugomvi uleule. Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019 inamtaka aliyeharibu ardhi aifufue. Lakini ardhi ikisemekana imefufuka, nani athibitishe? Wapo wanaosema zitumike picha za setilaiti, kwa sababu ni za bure, hazihongeki na zinafika kila mahali. Wengine wanasema picha ni ulaghai wa watu wa ofisini: mtu anakaa Kampala, anaona rangi ya kijani, anatia sahihi, na mfugaji anabaki na shimo lisilomfaa.

Kati ya pande hizi mbili, setilaiti ndiyo inayotupiwa lawama zaidi, na wanaoitetea huitetea vibaya, kwa majivuno ya teknolojia. Nimefanya kazi na picha hizi kwa muda, na nimetembea mashimoni kwa miguu pia. Nadhani chombo hiki kinaonewa. Kinalaumiwa kwa jambo ambalo hakikulisema, na kile ambacho ni chenyewe tu kinaweza kukifanya hatukiombi.

Kwanza niwape haki yao wanaokishuku, kwa sababu wana mfano mkubwa mkononi. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kwa picha za setilaiti kwamba eneo la majani duniani liliongezeka kwa asilimia 5 kati ya mwaka 2000 na 2017, na kwamba China, yenye asilimia 6.6 tu ya ardhi ya dunia yenye uoto, ilichangia robo nzima ya ongezeko hilo. Sehemu ya ukijani huo iko kusini-magharibi, katika majimbo ya Guizhou, Yunnan na Guangxi. Kule milima ya chokaa ilikuwa imekatwa miti na kulimwa mpaka udongo ukaoshwa wote na mifupa ya mwamba ikabaki nje. Wachina wenyewe huita hali hiyo jangwa la mawe. Takwimu zao za taifa zinasema jangwa hilo lilipungua kutoka hekta milioni 12 mwaka 2011 hadi karibu milioni 10 mwaka 2016. Ni kazi kubwa, na yeyote anayejua ugumu wa chokaa anapaswa kuiheshimu. Lakini Guangxi ndiyo jimbo linaloongoza China kwa mashamba ya mikaratusi, na mkaratusi hukatwa baada ya miaka michache, ukachipua, ukakatwa tena. Kwa jicho la juu yote hayo ni majani.

Sisi wenyewe tunajua habari hiyo. Misitu ya Uganda ilikuwa inafunika kama asilimia 24 ya nchi mwaka 1990, na kufikia 2015 ilikuwa imebaki karibu asilimia 9. Tangu hapo takwimu za serikali zimepanda kidogo, na ndani ya kupanda huko mna misonobari na mikaratusi ya watu binafsi. Si vibaya kupanda mikaratusi, nguzo za nyumba lazima zitoke mahali. Ila asiyetofautisha shamba la nguzo na msitu, asishangae mfugaji akimwita mwongo.

Basi lawama ina msingi, lakini inampiga asiyehusika. Setilaiti haijawahi kutamka neno "msitu", wala neno "kupona". Inachopima ni mwanga. Jani bichi hula mwanga mwekundu ili kujitengenezea chakula, na hurudisha juu sehemu kubwa ya mwanga wa infraredi ambao macho yetu hayauoni. Wataalamu huchukua infraredi, wakatoa nyekundu, kisha wakagawanya tofauti hiyo kwa jumla ya hizo mbili. Jibu ndilo linaloitwa NDVI, kipimo cha ukijani. Jiwe tupu hukaa karibu na sifuri, msitu mzito huweza kupita 0.8. Aliyegeuza namba hiyo ikawa msitu, cheti au sifa ni binadamu.

Sasa weka jiwe jeupe chini ya majani hayo. Hapa naomba msomaji avumilie hesabu kidogo, maana ndiyo hesabu ambayo sijasikia mtu akiileta kwenye ubishi wetu, na ndiyo inayobadilisha sura yote.

Tuchukue mfano, si vipimo vya shimo fulani. Tuseme jiwe la chokaa lililo wazi linarudisha asilimia 40 ya mwanga mwekundu na 45 ya infraredi. Udongo mweusi wenye mboji unarudisha 10 na 13. Majani mabichi yanarudisha 5 na 40. Chukua vipande viwili vya ardhi vinavyolingana, kila kimoja nusu yake ni majani na nusu ni tupu. Tofauti yao ni moja tu: cha kwanza kiko juu ya jiwe jeupe, cha pili juu ya udongo mweusi. Kile cha jiwe kitatoa wastani wa nyekundu 22.5 na infraredi 42.5. Tofauti ni 20, jumla ni 65, kipimo ni 0.31. Kile cha udongo mweusi kitatoa 7.5 na 26.5. Tofauti ni 19, jumla ni 34, kipimo ni 0.56.

Majani ni yaleyale, idadi ileile, afya ileile. Kimoja kimepata 0.31 na kingine 0.56.

Nimezunguka na namba hizi mbili kichwani kwa miezi. Maana yake ya kwanza ni kwamba kwenye chokaa setilaiti, ikisomwa kivivu, haizidishi ukijani kama tunavyolalamika. Inaupunguza. Mwanga mkali wa jiwe unaimeza sauti ya majani. Mtu aliyehangaika kupanda miti kwenye nyufa za mwamba, akafanikiwa kufunika nusu ya shimo, anaweza kuonekana ameshindwa, huku jirani mwenye udongo wa kawaida na kazi ndogo akipata sifa.

Maana ya pili ni mbaya zaidi. Mwenye shimo akileta malori kumi ya udongo mweusi na kuumwaga katikati ya miche ileile, kipimo chake kinaweza kupanda karibu maradufu bila jani hata moja kuongezeka. Huenda hana nia mbaya, kwa sababu kumwaga udongo ni hatua nzuri ya ufufuaji. Lakini akija na grafu iliyopanda kwenda juu na kusema "tazameni uoto ulivyorudi", grafu hiyo inaonyesha udongo uliokuja kwa lori. Na hata lori si lazima. Mvua ikinyesha usiku, jiwe likaloa na kuwa jeusi kidogo, picha ya asubuhi itampendelea. Nimeona watu wakishangilia kupona kwa shimo ambako kulikuwa kulowa kwa jiwe.

Dawa ya ugonjwa huu si mpya. Mwaka 1988 mtaalamu wa udongo Alfredo Huete alipendekeza kipimo kinachoongeza namba ndogo kwenye jumla, kwa kawaida 0.5, kisha kuzidisha jibu kwa 1.5, ili kupunguza kelele za ardhi iliyo chini ya majani. Tukirudia mfano wetu kwa njia hiyo, asilimia zikiandikwa kama desimali (22.5 ikiwa 0.225), kipande cha jiwe kinapata 0.26 na cha udongo mweusi 0.34. Pengo lililokuwa 0.25 limeshuka hadi 0.08. Halijaisha, lakini linavumilika. Hesabu hiyo hata mwanafunzi wa sekondari anaiweza. Kwa hiyo mwanakijiji anapoonyeshwa ramani ya kijani ya ardhi ya chokaa, maswali yake mawili ya kwanza yawe: mmetumia kipimo gani, na picha ni ya tarehe ipi? Jibu likikosekana kwa swali lolote kati ya hayo, ramani irudi ilikotoka.

Swali la tarehe lina utajiri wake. Huku kwetu Kasese tuna misimu miwili ya mvua, Machi hadi Mei, kisha Agosti hadi Novemba. Moroto, kwenye marumaru na chokaa za Karamoja, msimu ni mmoja mrefu. Picha ya Februari ikilinganishwa na ya Mei ya mwaka unaofuata, kila shimo nchini litaonekana limepona. Mwisho wa mwaka 2019 mvua zilikuwa nyingi mno Afrika Mashariki, hata barabara zilikuwa zinaota majani. Picha za wakati ule zingemfurahisha mchimbaji yeyote.

Lakini kinachoonekana kama udhaifu ndicho kinachoweza kumjibu mzee wangu na ng'ombe wake. Gugu karoti ni mmea wa msimu. Mvua ikija unajaa, ardhi ikikauka unakufa. Mti uliopenyeza mizizi kwenye nyufa za mwamba, mahali ambapo maji ya chokaa hujificha, unabaki na majani yake Februari na Julai. Ukipanga picha za mwaka mzima moja baada ya nyingine, shimo la magugu hupanda na kushuka kama kifua cha mtu anayehema, na shimo lenye miti linatulia. Kwa hiyo picha ya kiangazi ni ya thamani kuliko ya masika, ingawa haivutii. Lantana ni mkaidi na inaweza kudanganya hata kiangazi, hilo nakubali, na hapo lazima mtu ashuke kwa miguu.

Mvua nayo ina njia ya kuiondoa kwenye hesabu. Sehemu kubwa ya chokaa yetu ya magharibi, Hima, Dura, Muhokya, iko karibu na Hifadhi ya Taifa ya Malkia Elizabeth. Picha moja ya setilaiti inashika shimo na hifadhi kwa wakati mmoja, chini ya mvua ileile. Pima pengo kati ya shimo na ardhi ya jirani ambayo haikuchimbwa, kisha fuatilia pengo hilo mwaka baada ya mwaka. Mwaka wa mvua nyingi vyote vitapanda, na shimo lisilopona litaendelea kuachwa nyuma. Ni kweli hifadhi nayo huungua na vichaka vyake hubadilika, kwa hiyo inabidi kuchagua mahali kadhaa pa kulinganisha, si mahali pamoja tu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike. Chokaa hupona polepole. Maji hayakai juu yake, yanateremka kwenye nyufa. Ualikali wake hufunga chuma na fosforasi, miche ikageuka manjano huku mizizi imezama katikati ya chakula isichoweza kukila. Udongo hujengeka kutokana na masalia madogo yanayobaki mwamba ukiyeyuka. Mtu anayeahidi kufufua machimbo ya chokaa kwa miaka mitatu hajawahi kufufua hata moja.

Ushahidi uko karibu, Bamburi, kaskazini mwa Mombasa. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji, juu ya mwamba wa matumbawe uliokuwa mweupe na mtupu. Katika aina 26 alizojaribu, zilizosimama ni 3 tu, na mvinje ndio uliobeba kazi, kwa sababu mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyotega naitrojeni hewani. Hata hivyo majani ya mvinje yalidondoka yakalala pale chini bila kuoza. Ikabidi waletwe majongoo, wale wakubwa wenye miguu myekundu, wayatafune na kuyageuza mboji. Leo ni msitu wenye twiga na viboko. Lakini haukupatikana kwa mpango wa miaka mitano.

Kutoka 1971 hadi leo, hebu hesabu sisi Uganda tumepitia nini. Serikali zimepinduliwa, vita vya 1979, vita vya msituni vilivyoleta utawala mpya mwaka 1986. Kiwanda cha saruji cha Hima kilikuwa mali ya umma, kikabinafsishwa katika miaka ya 1990, na mwaka 2024 kikabadilisha wenyewe tena. Tororo, ambako saruji imetengenezwa tangu miaka ya 1950, nako umiliki ulibadilika. Wilaya zimegawanywa na kugawanywa tena. Afisa wa mazingira akikaa kituo kimoja miaka minne amekaa sana. Mafaili huhama ofisi, mengine huliwa na mchwa. Wazee wanaokumbuka mlima ulivyokuwa tunawazika kila mwaka. Kupona kwa chokaa ni kazi ya miaka arobaini, na sisi tunaipa mashahidi wa miaka minne.

Shahidi pekee ambaye hajahamishwa kituo ni setilaiti. Landsat ya kwanza, setilaiti ya Marekani ya kupiga picha za ardhi, iliruka mwaka 1972. Landsat 5 ilianza kazi 1984 na ikastaafishwa 2013. Kuna ya 8 tangu 2013 na ya 9 tangu 2021, na tangu 2015 zipo Sentinel-2 za Ulaya zinazoona vipande vya mita 10 na, zikiwa mbili, kurudi kila baada ya siku 5. Kabla ya mwaka 2008 picha moja ya Landsat 7 iliuzwa dola 600, na hapo kweli ilikuwa mali ya wakubwa. Mwaka 2008 zikafunguliwa kwa kila mtu, pamoja na za zamani. Zipo hapo, bure, na kijana yeyote wa Kasese mwenye intaneti anaweza kuzishusha. Anayesema setilaiti ni silaha ya ofisi za Kampala anazungumzia dunia ya kabla ya 2008.

Kwa nini picha za zamani zina uzito? Kwa sababu kila ubishi wa kufufua ardhi huanza na swali moja: palikuwaje kabla? Mwenye shimo anasema palikuwa nyasi tupu na mawe. Kijiji kinasema palikuwa na kichaka na kisima. Anayeshinda swali hilo ameshinda kesi nzima, kwa sababu kama palikuwa na nyasi, basi nyasi zikirudi kazi imekwisha. Nilikaa na mzee yule chini ya mti, tukafungua kwenye simu picha ya miaka ya 1980 ya bonde lake. Alikuwa ameniambia kulikuwa na kichaka kizito kuanzia kijitoni mpaka kilimani. Picha ilionyesha utepe wa kijani kiangazi ukifuata kijito, upana wa pikseli tatu, vile vipande vidogo vinavyounda picha, yaani kama mita 90. Kilimani palikuwa nyasi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ndiyo, kilimani tulikuwa tunachoma kila Julai." Picha ilikuwa imemsahihisha mzee, na ilikuwa imemsahihisha pia yule anayedai kwamba hapakuwa na kitu. Sijui shahidi mwingine wa namna hiyo.

Na kumbukumbu hiyo ina matobo, lazima niseme. Kwa Afrika Mashariki picha za miaka ya 1980 na 1990 ni chache, kuna miaka unapata moja au mbili za kufaa. Landsat 7 iliharibika tarehe 31 Mei 2003, na kuanzia hapo kila picha yake ina michirizi mitupu inayokula karibu asilimia 22 ya eneo. Mawingu ya Rwenzori hayana simile. Kuna wakati miezi mitatu inapita bila asubuhi moja safi. Rada ya Sentinel-1, iliyoanza mwaka 2014, hupenya mawingu, ila inapima umbo na unyevu badala ya rangi, na kuisoma kunahitaji mtu aliyefundishwa.

Kuna jambo jingine ambalo mkaguzi wa miguu hulikosa kwa sababu macho yake yako shimoni. Muhokya, na kule Kisoro kando ya mto Kaku, watu wamechoma chokaa kwenye matanuru kwa miaka mingi. Jiwe la chokaa linahitaji joto la karibu nyuzi 900. Kila kilo 100 za jiwe safi hutoa kilo 56 za chokaa, na kilo 44 huruka zikiwa hewa ukaa. Joto lile linatoka kwenye kuni. Shimo lenyewe linaweza kuwa hatua kumi kwa kumi, kidonda kidogo. Kidonda kikubwa kiko kwenye vilima vinavyozunguka, ambako miti imepungua mmoja mmoja, na hakuna mtu aliyesimama mahali pamoja akauona upungufu huo. Ukitazama picha za miaka ishirini unauona kama shati linalopauka. Wanaosema tushuke tu shimoni na kuhesabu miche watarudi na ripoti nzuri ya shimo, na kilima cha jirani hakitatajwa.

Hapohapo setilaiti inashindwa jambo ambalo mtoto analiweza. Eka moja ya ardhi ni pikseli nne na nusu za Landsat, au kama 40 za Sentinel-2. Shimo la mchimbaji mdogo humezwa na pikseli moja. Kule Rupa na Tapac, Moroto, ambako wanawake wanaponda mawe kwa nyundo juani, mashimo yametawanyika kama nyayo za mbuzi, na picha ya mita 30 haiyatenganishi. Jina la mmea haliwezi kusomwa kwa uhakika kwenye picha hizo za bure. Urefu wa miti sasa unapimika kwa leza, tangu kifaa cha GEDI kilipofungwa kwenye kituo cha anga mwaka 2018, lakini kinapima doa hapa na doa pale, hakifuniki shimo zima. Na majongoo wa Bamburi, waliofanya kazi iliyowashinda watu, hakuna setilaiti itakayowaona. Kujua kama udongo umeanza kuzaliwa, lazima uinue majani kwa mkono na utazame chini yake.

Kwa hiyo sisemi miguu ibaki nyumbani. Ninachosema ni kwamba mpangilio wetu wa sasa umekosea nani aanze. Tunamtuma mtu shimoni mara moja kwa miaka kadhaa, mara nyingi siku ambayo mwenye shimo ameichagua, halafu picha inaletwa mwishoni kama pambo la ripoti. Ningependa picha ziongoze: za kiangazi, za mwezi uleule kila mwaka, kwa kipimo kinachojali weupe wa jiwe, zikilinganishwa na ardhi ya jirani isiyochimbwa. Zibandikwe kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, kabla mtu yeyote hajatia sahihi kwamba shimo limepona, na zimwambie mkaguzi ashuke wapi: hapa pamekataa kuota, hapa panapanda na kushuka na mvua, hapa pametulia. Kisha ashuke na mfugaji, ainue majani, ataje mimea kwa majina yake. Gharama yake ni intaneti na kijana aliyefundishwa kwa wiki mbili. Uganda ilirusha setilaiti yake ya kwanza, PearlAfricaSat-1, Novemba 2022, na tulishangilia sana. Nilishangilia pia. Ila kwa kazi hii hatukuhitaji kusubiri yetu. Picha za miaka arobaini zilikuwa zimeshatusubiri.

Nilipomweleza mzee mambo haya hakusema nina haki, wala hakusema sina. Aliitazama simu tena, akauliza kama ninaweza kumtolea kwenye karatasi picha ya mwaka ambao lori la kwanza lilifika bondeni. Nikamwambia mwaka ule picha zisizo na mawingu ni mbili tu.

"Leta zote mbili," akasema. "Na ile ya kijitoni. Kikao ni Jumamosi."